Choo kwenye Coaster ya kulala safarini: anza na maji ya kutawaza

Mkuu, umeuliza ufunge choo gani kwenye Coaster unayoigeuza iwe ya kulala: watu wanne, wawili kati yao watoto, safari za Dar, Tanga, Arusha hadi Mombasa, na nyumbani kwenu mnatumia maji, hamtumii karatasi. Hilo la maji ndilo la kuanza nalo. Vyoo vingi vya magari vimeundwa kwa mtu anayejifuta kwa karatasi, na ukinunua bila kulifikiria utajikuta na choo kizuri kinachojaa kabla ya jua kuzama.

Choo cha Kimarekani chenye tangi kubwa chini ya gari kiache. Matangi hayo hubeba takriban lita 110 hadi 190 na humwagwa kwa bomba la inchi 3 kwenye vituo maalumu. Kwetu hakuna mtandao wa vituo hivyo, kwa hiyo utazunguka na mzigo huo ukitafuta gari la kunyonya majitaka. Ukinunua gari ambalo tayari linacho, valvu ya tangi la choo ikae imefungwa hata ukiwa umeunganishwa na chemba. Ukiiacha wazi, maji hutangulia, kinyesi hubaki, kinajijenga kama kichuguu chini ya tundu na kukauka hapo. Mwaga tangi likifika theluthi mbili, kisha fuatisha maji ya kuogea yasafishe bomba.

Kinachobaki ni choo cha kubebeka chenye matangi mawili, la juu la maji safi na la chini la uchafu (mfano Porta Potti ya Thetford), au choo kikavu kinachotenganisha mkojo na kinyesi.

Cha kubebeka ni rahisi kufunga: kikaze sakafuni kwa vibano vyake, basi. Tangi la chini la modeli kubwa ni lita 21. Sasa piga hesabu: mkojo robo lita, maji ya kusukuma theluthi ya lita, maji ya kutawaza nusu lita kwa mtu anayebana matumizi ya maji. Ni lita moja na kidogo kila mtu akiingia. Ukitoa lita 2 za kuanzia na dawa, baada ya kuingia mara 17 hivi limejaa, na watu wanne humaliza hizo kwa siku moja. Ukitumia chupa ya kubonyeza badala ya kopo, maji ya kutawaza hushuka hadi robo lita, lakini bado hufiki siku mbili. Kwa hiyo mimi nakiona kinafaa kwa dharura ya usiku na kwa watoto, mchana mkitumia vyoo vya kambi na vya vituo vya mafuta.

Ukikichagua, weka lita 2 za maji na dawa ya choo cha kubebeka kwenye tangi la chini kabla ya kuanza, kwa kipimo cha kwenye chupa. Epuka dawa yenye fomalini, maana inaua bakteria wa shimo la karo utakakomwaga. Joto la Tanga hufupisha nguvu ya dawa, hivyo usipitishe siku mbili au tatu hata kama nafasi ipo. Kuna jambo jingine watu hawalitarajii: ukitoka Dar usawa wa bahari ukapanda hadi ukingo wa Ngorongoro, takriban mita 2,300, hewa iliyofungiwa ndani ya tangi inakuwa na shinikizo kubwa kuliko ya nje. Atakayevuta valvu (mlango unaotenga bakuli na tangi) akiwa amekaa atarushiwa. Shusha kifuniko kwanza, vuta valvu polepole, subiri hewa itoke, ndipo ukae.

Kwa safari zenu, choo kikavu ndicho nitakachokipigia kura. Kiti chake kina bakuli la mbele linalopeleka mkojo kwenye dumu, na tundu la nyuma linaloangukia ndoo. Harufu kali ya choo huja hasa mkojo ukichanganyika na kinyesi, ndiyo maana kila kitu hapa ni kulinda ukavu wa ndoo. Wote wanakaa, wanaume pia. Anayesimama analowesha ndoo.

Tandika maranda makavu ya sentimita 5 hadi 7 ndani ya ndoo ya lita 15, kwenye kitako chake, na kila mtu akimaliza afunike kwa konzi mbili. Vumbi la makumbi ya nazi linafyonza vizuri zaidi kuliko maranda. Majivu yaliyopoa yanasaidia kufukuza nzi lakini hayafyonzi sana; changanya kopo moja la majivu kwa matatu ya maranda. Mtu akiharisha mfumo unazidiwa: ongeza maranda maradufu na umwage ndoo siku hiyohiyo.

Mpira wa mkojo uwe wa inchi 3/4 au zaidi, ushuke moja kwa moja. Ukiwa na bonde, mkojo utatuama na kuacha gaga litakaloziba. Dumu liwe linaloonyesha kiwango na likae ndani ya beseni, kwa sababu ajali ya kawaida kuliko zote ni dumu kufurika usiku. Kwa watu wanne, mkojo na maji ya kusuuzia mbele vinafika lita 8 hivi kwa siku. Beba madumu mawili ya lita 10.

Feni ya kompyuta ya volti 12 inakula takriban ampea 0.15, yaani chini ya ampea-saa 4 kwa siku nzima. Ivute hewa kutoka kwenye sanduku la ndoo kwenda nje kwa bomba la milimita 50, lenye neti dhidi ya nzi na kiwiko kinachoelekea nyuma ya gari. Choma udi karibu na kiti: moshi unatakiwa kuzama ndani ya choo. Ukipanda juu, feni imefungwa kinyume au neti imejaa vumbi, na barabara zetu za vumbi huziba neti haraka.

Maji ya kutawaza baada ya haja kubwa yasiingie kwenye ndoo hata kidogo. Weka sinia la kuogea la sentimita 70 kwa 70 kando ya kiti, na kishikio ukutani ili mtu ahamie na kuchutama bila kuteleza. Hata vyoo vikavu vya majumbani, kwa jamii zinazotumia maji, hujengwa na sehemu ya tatu ya kutawazia. Geuza njia ya maji ya sinia iende kwenye dumu lake la lita 20, lisichangie na sinki la jikoni. Maji hayo yana kinyesi, kwa hiyo humwagwa chooni, hayamwagwi kichakani.

Kumwaga: mkojo na maji ya sinia, choo chochote cha shimo au cha kuvuta, kwa ruhusa ya mwenyewe. Ndoo, choo cha shimo tu, kwa sababu maranda yataziba cha kuvuta. Kinyesi cha siku chache si mbolea. Mayai ya minyoo ya askaris (minyoo mikubwa ya tumboni) huishi muda mrefu sana, hivyo ukitaka kukiozesha nyumbani kiache kwenye pipa lililofunikwa zaidi ya mwaka. Usitegemee mifuko ya rambo kutandika ndoo, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu 2019. Gazeti linatosha.

Mipira ya valvu ya choo cha kubebeka ipake mafuta ya silikoni. Mafuta ya mgando na ya kupikia huivimbisha, na Jik huila. Jik pia isikutane na mkojo wala siki: hutoa gesi yenye sumu, na chumba cha choo cha Coaster ni kidogo mno kwa gesi hiyo. Gaga la mpira wa mkojo na la dumu liondoe kwa siki pekee, uiache usiku kucha kisha usuuze.