Mtoto wa miaka minne anasumbuka kuandika, tumpeleke tuisheni?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni mama wa watoto wawili, tupo Uyole hapa Mbeya. Huyu wa pili ana miaka minne na nusu, tumemuanzisha chekechea mwezi wa kwanza, sasa kila siku anarudi na homuweki kurasa mbili za kuandika herufi na namba, akishika penseli kidogo tu mkono unamuuma analia. Mwalimu kasema yupo nyuma ya wenzie, baba yake anataka tumtafutie tuisheni ya jioni. Ye mwenyewe akirudi anachotaka ni udongo na kukaa na bibi yake wapukuchue mahindi. Nifanyeje, naogopa asije akafeli huko mbele.

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuisheni acheni kabisa, tena mwambie baba yake nimesema mimi.

Mkono kumuuma sio uvivu. Ile mifupa midogo ya kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, kwa umri huo mingine bado ni gegedu laini, haijawa mfupa kamili, na misuli ya vidole inachelewa kupata nguvu kuliko ya bega, ndo mana mtoto anaweza kurusha jiwe mbali na kupanda mparachichi lakini "a" ndogo kuiweka ndani ya mistari inamshinda.

Na huko kwa bibi unakoona anapoteza muda ndo anakojifunza. Kupukuchua mahindi kunafanyisha kazi kidole gumba na cha shahada pamoja, vilevile vya kushikia penseli. Kumenya njegere, kufinyanga ng'ombe wa udongo, kufunga vifungo vya sweta mwenyewe asubuhi na baridi lenu hilo hata kama mnachelewa, mwache afanye. Mnapochambua maharage mwambie atenge ya njano huku na mekundu kule afu ahesabu, hesabu inaingia bila daftari.

Dokta Maria Montessori wa Italia alipofungua shule yake ya watoto wadogo Roma mwaka 1907, mtaa wa watu maskini wa San Lorenzo, watoto walifagia, walifunga vifungo, na herufi walizipitisha vidole kwanza zikiwa zimekatwa kwenye msasa, kuandika kukafuata. We huna haja ya kununua chochote, tandaza mchanga mkavu kwenye sinia achore herufi kwa kidole, akichoka aache.

Shuleni nenda kaongee na mwalimu kwa upole, muombe kurasa mbili ziwe mstari mmoja au mchoro. Najua naye anasukumwa na wazazi wanaotaka kuona daftari limejaa. Ila Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, inasema elimu ya awali ni mwaka mmoja na darasa la kwanza mtoto aanze na miaka 6, sasa huyu wa minne na nusu yupo nyuma ya nani jamani?

Kama kijiko nacho kinamshinda, au anaangukaanguka sana, au mkono mmoja hautumii kabisa, hapo usisubiri, mpeleke hospitali wamuangalie.

SWALI: Shangazi, tupo Mafinga. Mtoto wetu ana mwaka na nusu, bibi anamwongelesha Kihehe sisi Kiswahili, wifi anasema tunamchanganya atachelewa kuongea. Ni kweli?

JIBU: Sio kweli mama, bibi aendelee na Kihehe chake, na hadithi amsimulie. Atachanganya maneno kwenye sentensi moja, hiyo ni kawaida, ubongo wa mtoto unabeba lugha mbili bila shida. Kinachochelewesha ni kuachwa na katuni kwenye simu siku nzima bila mtu wa kumjibu. Ukihesabu maneno yake hesabu ya lugha zote mbili, na akifika miaka miwili hajaunganisha hata maneno mawili, iwe Kihehe au Kiswahili, mpelekeni wakampime masikio kwanza.