Maswali na Majibu: Kufyatuka Kilimani ili Kuongeza Kasi

Kwa miaka miwili nakimbia kilomita 10 mara nne kwa wiki, lakini muda wangu umegota kwenye dakika 55. Mbio ninazoshiriki ni za barabara tambarare. Kilima kitanisaidia nini? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu yangu, muda umegota kwa sababu mwili umekwisha kuizoea kazi moja unayoupa kila siku. Katika mwendo wa taratibu sehemu ya misuli hubaki imelala, kwa kuwa nyuzi zenye nguvu nyingi, ambazo pia huchoka upesi, hazihitajiki sana. Ukifyatuka kilimani kwa nguvu zote kwa sekunde 8 hadi 10, huna budi kuinua goti, kupunga mikono na kuisukuma ardhi nyuma yako, na hapo nyuzi hizo huitwa kazini. Ungeweza kufanya hivyo uwanjani pia, lakini mtu asiyezoea kasi kubwa kwenye tambarare huwa katika hatari ya kuchanika msuli wa nyuma ya paja. Kilimani hatua huwa fupi, kasi haifiki upeo wake, na mguu hutua bila kuanguka kutoka juu sana, hivyo kishindo hupungua. Miguu ikishapata nguvu hiyo, mwendo wako wa kilomita 10 utakuwa mwepesi kuliko sasa.

Napanda mara 10 na kupumzika sekunde 30 kila baada ya mpando. Namaliza nikiwa hoi, lakini kasi haiongezeki. Nakosea wapi? (Msomaji, Arusha)

Unakosea kwenye mapumziko, na hili ndilo kosa ninaloliona kuliko mengine yote. Nguvu ya sekunde hizo chache hutoka kwa sehemu kubwa kwenye akiba ndogo iliyomo ndani ya msuli wenyewe, nayo huhitaji dakika 2 hadi 3 ili ijae vya kutosha. Ukirudi kilimani baada ya sekunde 30 unajizoeza kustahimili uchovu, jambo lenye faida yake, lakini si kasi.

Niliwahi kumsimamia kijana mmoja kwenye barabara ya vumbi, na kila alipotimiza sekunde 10 niliweka jiwe pale alipofika. Mawe matatu ya mwanzo yalikaa karibu karibu, yakiachana kwa shibiri moja tu. Kisha akakataa kungoja, akisema bado ana pumzi. Jiwe la nne likarudi chini hatua mbili, la tano hatua nne, huku mabega yake yamepanda hadi masikioni na nyayo zikipiga chini kwa kishindo. Juma lililofuata alikubali kushuka akitembea na kungoja dakika 3, na mawe yote sita yakakusanyika mahali pamoja. Nakuomba utumie kipimo hicho: jiwe likianza kurudi chini, zoezi la siku hiyo limekwisha, hata kama ulikusudia kuendelea.

Huku kwetu wakimbiaji hupanda kilima kwa kilomita nyingi bila kusimama. Je, sekunde 10 si mchezo wa watoto? (Msomaji, Eldoret)

Hayo ni mazoezi mawili tofauti. Barabara ya Fluorspar, inayopanda kutoka Bonde la Kerio kwa takriban kilomita 21, hujenga moyo, mapafu na ustahimilivu, wala hakuna mwanadamu awezaye kuipanda kwa nguvu zake zote. Mpando mfupi hujenga msukumo wa mguu. Kocha Arthur Lydiard wa New Zealand, aliyemfundisha Peter Snell, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 1960 na 1964, aliwapa wanariadha wake mbio ndefu sana, na bado alitenga majuma kadhaa ya kurukaruka wakipanda mlima kabla hajawapeleka kwenye kasi ya uwanjani. Endelea na mpando wenu mrefu, na huu mfupi uuweke siku nyingine.

Naishi Dar es Salaam, mji tambarare. Nifanyeje? (Msomaji, Sinza)

Kilima unachohitaji hakizidi mita 80 za kukimbia, na eneo la Chuo Kikuu halikuitwa Mlimani bure. Tafuta mwinuko unaopanda kiasi cha mita 6 hadi 8 katika kila mita 100, usio na magari mengi. Mwinuko mkali kuliko huo hukufanya ukwee badala ya kukimbia. Ngazi na mchanga wa ufukweni sivipendekezi kwa kazi hii.

Nina umri wa miaka 52, na baada ya kupanda mara 8 kwa mara ya kwanza, vigimbi na kano ya kisigino viliniuma siku nne. Je, niache? (Msomaji, Tanga)

Pole sana, dada. Mara 8 zilikuwa nyingi mno kwa siku ya kwanza, kwa kuwa kilima huvuta kigimbi na kano ya kisigino kuliko tambarare. Maumivu yakiisha kabisa, pasha mwili moto kwa dakika 20 za mbio za taratibu, kisha panda mara 2 tu, mara moja kwa wiki, na uongeze mpando mmoja kila juma hadi ufike 6. Shuka ukitembea, kwa sababu kushuka kwa kasi hulazimisha misuli ya mbele ya paja kufunga breki, nayo huuma kesho yake na kesho kutwa. Ukiamka asubuhi na hatua za kwanza zikakuchoma kisigino, usipande siku hiyo. Hali hiyo ikiendelea, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Ikiwa una shinikizo la damu au umewahi kubanwa kifua, muone daktari kwanza.

Siku gani ya wiki inafaa? (Msomaji, Mbeya)

Siku ya mbio nyepesi, mwishoni mwa mbio hizo, na isiwe kesho yake baada ya mbio zako ndefu za wiki. Kama wewe hukimbia masafa marefu Jumapili, basi Jumatano inafaa.