Kabla hamjavunja ukuta wa chumba cha habari

Ukisikia kampuni ya habari hapa Dar es Salaam imeamua kuunganisha redio, televisheni na mtandao, wa kwanza kuonekana ofisini ni fundi. Ukuta unabomolewa, meza ndefu zinaingizwa, skrini zinatundikwa kila kona. Wakubwa wameshaona picha za gazeti la Daily Telegraph la London, ambalo mwaka 2006 lilihamia ofisi yenye meza kuu katikati na madawati yametawanyika kuizunguka. Au wamesikia habari za Tampa, Florida, ambako mwaka 2000 gazeti, kituo cha televisheni na tovuti viliwekwa kwenye jengo moja. Picha zinavutia kweli. Kinachosahaulika ni kwamba mwaka 2012 gazeti lile la Tampa liliuzwa na televisheni ikabaki kwa mwenye mali wa zamani. Kukaa pamoja kumbe hakukuwafanya kitu kimoja.

Mimi nimeanzia redio, baadaye nikawa mhariri wa zamu wa pande zote tatu. Nikiombwa ushauri, husema fundi asubiri kwanza. Yako mambo mawili ya kumaliza kabla yake: nani anaamua habari itoke saa ngapi, na mwandishi analipwaje.

Mtu wa televisheni wa hapa kwetu amelelewa na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Siku yake nzima inaelekea huko: gari la ofisi, mpigapicha, foleni ya Barabara ya Mandela, kuhariri, kusoma sauti, saa mbili kamili. Akipata habari nzuri saa nne asubuhi, anaitunza. Mtu wa mtandao naye kila dakika kwake ni saa mbili. Waweke kwenye chumba kimoja bila utaratibu na utasikia kauli niliyoisikia mimi kutoka kwa mtangazaji mkongwe akimwambia binti wa dawati la mtandao: "Mwanangu, habari nimeihangaikia mimi, wewe ndiye wa kuitoa?" Binti akajibu kwa heshima zote, "Samahani mzee, lakini iko YouTube kwa watu wengine tangu saa tano."

Wote wawili walikuwa na hoja. Tulichokuja kukifanya ni kuigawa kila habari mapema, kwenye kikao cha asubuhi. Tukio lililohudhuriwa na kila mtu, mkutano na waandishi pale Maelezo, idara ya habari ya serikali, kwa mfano, halina cha kusubiri. Simu kadhaa zimesimamishwa mbele ya msemaji na zinarusha moja kwa moja, sasa wewe unamficha nani? Hiyo inakwenda mtandaoni na redioni papo hapo, na televisheni ya usiku inatafuta kile ambacho simu hazikukipata: aliyeguswa na tangazo lile, au mtaalamu wa kueleza maana yake mfukoni mwa mtu. Habari tuliyoichimba wenyewe, hiyo inaweza kungoja, na mtandao unapewa kionjo tu cha kuwaita watu.

Na mwamuzi awe mmoja. Wahariri watatu wenye hadhi sawa watapigiana simu mpaka jua lizame. Mhariri wa zamu, aliyepo ofisini muda huo, aseme itoke au isitoke. Asiyeridhika alete hoja yake kikao cha kesho.

Wazee wa redio na televisheni waliposhikilia saa mbili yao, niliwakumbusha usiku wa Machi 17, 2021. Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alipotokea TBC, televisheni ya taifa, kutangaza kifo cha Rais Magufuli, taarifa ya saa mbili ilikuwa imekwisha kusomwa. Habari kubwa kuliko zote mwaka ule iliwakuta watu wakijiandaa kulala, na wengi waliipata kwenye simu. Baada ya hapo ubishi ulipungua, ingawa siwezi kusema uliisha.

Sasa malipo. Hili linarukwa kwenye mipango mingi kwa sababu anayeandika mpango ana mshahara. Sehemu kubwa ya habari zetu inaletwa na waandishi wa kujitegemea, wanaolipwa kwa stori. Mkishaunganisha, stori moja ya mtu wa Mbagala inasomwa redioni, inaonyeshwa usiku na inawekwa kwenye tovuti. Analipwa mara ngapi? Mkimlipa mara moja kwa bei ileile ya zamani, mmempa kazi ya watu watatu: andika, piga picha, rekodi sauti, tena kwa bando lake mwenyewe. Atawatumia maandishi, na video nzuri ataipeleka kwa mwenye chaneli anayemtumia hela kwa simu jioni ileile. Msimlaumu, ana kodi ya nyumba.

Msimamo wangu, ambao wahasibu hawaupendi, ni kwamba kila upande unaotumia kazi yake utoe chochote, hata kidogo, na bando liwe juu ya ofisi. Inagharimu, ndiyo. Kukosa picha za mafuriko ya Jangwani huku majirani zenu wanazo kunagharimu zaidi.

Jina nalo ni malipo. Hakuna kilicholeta maneno mengi kwetu kama mwandishi wa televisheni kukuta habari yake kwenye tovuti imeandikwa "Na Mwandishi Wetu". Mwandishi wetu yupi, na yeye ndiye aliyelowa mvua? Jina lake liwepo, na aliyeongezea maelezo ofisini atajwe mwishoni.

Hayo mawili yakikaa sawa, mengine hujipanga. Maandishi ya redio yasimwagwe kwenye tovuti kama yalivyo. Nimewahi kusoma habari ya mtandaoni inayoanza "Na sasa tuelekee wilayani Temeke". Redioni unasema zaidi ya shilingi bilioni mbili, msikilizaji anakuelewa. Msomaji anataka tarakimu kamili, na jina la mtu bila kosa la herufi, maana anaweza kuirudia mara tano. Vilevile msimlazimishe mtu mmoja afanye kila kitu kwenye tukio kubwa. Pelekeni wawili, mmoja wa simu na mmoja wa kamera. Wa simu atangulie na bodaboda.

Tukio kubwa ndilo linaloonyesha kama kweli mmeungana. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Jumamosi ya Novemba 16, 2024, idadi ya waliofariki iliendelea kupanda siku hadi siku kadiri uokoaji ulivyoendelea. Katika hali kama ile ni rahisi sana redio iseme namba moja, maandishi yanayopita chini ya skrini yaseme nyingine, na tovuti ibaki na ya jana, wote wa nyumba moja. Tangu hapo nasisitiza awepo mtunza namba. Kazi yake ni ubao tu: namba, nani kaisema, saa ngapi. Asiyeiona ubaoni haisomi. Na ikibadilika, redio itasahihisha kwenye taarifa inayofuata, lakini ya mtandaoni inakaa, watu wanaipiga picha na kuituma kwenye makundi ya familia. Isahihishwe palepale ilipo na ielezwe kuwa imesahihishwa. Kumbukeni pia kuwa tangu 2018 maudhui ya mtandaoni yana kanuni zake chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mbali na zile za utangazaji, kwa hiyo klipu moja inaweza kuwaletea barua mbili.

Makundi ya WhatsApp unganisheni liwe moja. Wahariri watafungua lingine la siri, waacheni.

Kuhusu yule mzee na binti wa mtandao: tuliwapa kipindi kifupi cha kila wiki cha kuandaa pamoja. Mzee ana namba za makamishna waliokwisha kustaafu na wanaopokea simu yake kwa "shikamoo kaka". Binti anajua watu wanatafuta nini kwenye intaneti wiki hiyo. Bado wanabishana kuhusu urefu wa vichwa vya habari.

Fundi akija hatimaye, mwambieni abakize chumba kidogo chenye mlango na godoro ukutani kwa ajili ya kurekodi sauti. Ukumbi wa wazi wenye simu na televisheni zinazolia haurekodiki. Msipofanya hivyo waandishi watajifungia kwenye gari la ofisi kusoma sauti zao, vioo juu na kiyoyozi kimezimwa, wakati dereva anatakiwa Bunju.