Mkate wa New Orleans wenye zeituni

SWALI: Shikamoo Shangazi. Kaka yangu yuko New Orleans, Marekani. Amenitumia picha ya mkate wa duara, mkubwa kama sahani, umejazwa nyama na zeituni. Ni chakula gani, na sisi tusiokula nguruwe tufanyeje?
– Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo ni muffuletta. Asili yake ni Central Grocery, duka la mtaa wa Decatur lililofunguliwa mwaka 1906 na Salvatore Lupo, mhamiaji kutoka Sicilia, kisiwa cha Italia. Familia husimulia kwamba Wasicilia waliouza mazao sokoni jirani walikuwa wakinunua mkate, jibini, nyama na achari, wakala kimoja kimoja huku vikiwaponyoka magotini. Lupo akaona bora avipange vyote ndani ya mkate. Kimbunga Ida cha mwaka 2021 kililiharibu duka, lakini familia haikuacha biashara.

Utamu wote uko kwenye achari: zeituni za kijani na nyeusi zilizokatwakatwa, koliflawa, karoti, kitunguu saumu, majani ya kiungo yaitwayo oregano na mafuta ya zeituni. Ukishajaza, ufunge, uuache kidogo mkate unywe mafuta. Wapo huko wanaoupasha moto; mimi nasema wanauharibu.

Nyama zake za asili ni za nguruwe. Wewe chemsha mnofu wa ng'ombe na pilipili manga, upoe, ukate vipande vyembamba, halafu jibini juu. Mkate wetu wa ufuta haufai, mwembamba mno. Tafuta bofulo la duara, ulinyunyizie ufuta. Na mzima hushibisha zaidi ya mtu mmoja, kwa hiyo mwulize kaka yako alikula na nani.