Daftari Kando ya Kibodi: Ushauri kwa Wanaoanza Kutengeneza Programu za Biashara

Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, nilitumwa kwenye ghala la mteja wetu mmoja kuchunguza kwa nini idadi ya mali iliyoonyeshwa na mfumo wetu haikulingana na mali iliyokuwa rafuni. Nilikuwa nimejiandaa kupekua msimbo wa programu siku nzima. Kabla sijafungua kompyuta yangu, uliingia mzigo, nikakaa pembeni kutazama. Mtunza ghala alihesabu katoni 47, ilhali oda ilikuwa ya katoni 50. Fomu yetu ya kupokelea mizigo ilikuwa na kitufe kimoja tu cha kuthibitisha, kwa sababu hati ya mahitaji tuliyopewa ilieleza kwamba mzigo ukifika, oda hufungwa. Alikibonyeza, mfumo ukaandika 50, kisha akavuta daftari lililokuwa kando ya kibodi, lililochakaa pembe zote, akaandika: "47, tatu zinakuja." Alifanya hivyo bila kulalamika, kama mtu aliyekwisha kuzoea kwamba mfumo una yake na ghala lina yake.

Kurasa za daftari lile zilikuwa zimejaa. Kila mstari ulikuwa hitaji ambalo hakuna aliyetuambia, na ambalo sisi wenyewe hatukuwahi kuuliza. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako unayeanza ni kwamba utafute daftari hilo kabla hujachora skrini hata moja. Pengine si daftari, bali ni vikaratasi vilivyobandikwa ukingoni mwa skrini, au jedwali ambalo mhasibu analitunza peke yake, au maneno yaliyoandikwa kwa kalamu pembeni mwa hati iliyochapishwa. Popote ambapo watu wanaandika nje ya mfumo, pana kazi ambayo mfumo haukuijua.

Mahojiano pekee hayatakufikisha huko. Ukimwuliza mtu jinsi anavyofanya kazi yake, atakueleza kazi ilivyopangwa: oda, mzigo, ankara, malipo. Hakudanganyi, matatizo anayoyatatua kwa mkono kila siku yamekwisha kuwa sehemu ya pumzi zake, hayaoni tena kuwa ni jambo la kusimuliwa. Mwombe akuonyeshe alivyofanya mara ya mwisho, akiwa na hati zenyewe mkononi, na umwulize ni mzigo gani au ankara gani iliyompotezea muda mwingi zaidi wiki hii. Hapo ndipo mambo hutoka.

Vivyo hivyo, mteja anapoomba kitu fulani, usikimbilie kukitengeneza kabla hujajua kilichomfanya akiombe. Mfano ninaokutana nao mara kwa mara ni ombi la kitufe cha kufuta ankara. Ukichimba, utakuta kwamba ankara ilitolewa ikiwa na kiasi kisicho sahihi, na karani anataka kosa liondoke. Lakini ankara ikifutwa, mfuatano wa namba unabaki na pengo ambalo mkaguzi wa hesabu atalihoji, na mnunuzi huenda amekwisha kupokea nakala yake. Wahasibu wana njia yao ya zamani: kosa husahihishwa kwa ingizo jipya linalolipinga lile la awali, na yote mawili hubaki yakisomeka. Utaratibu wa kuandika kila muamala pande mbili, ambao Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, aliueleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, una umri mkubwa kuliko kompyuta yoyote, na ni busara kujifunza misingi yake kabla ya kugusa programu inayoshika fedha.

Sasa kuhusu majaribio, ambako nimeona vijana wengi hodari wakijikwaa. Tunapenda kujaribu kwa mteja mmoja wa kubuni, bidhaa moja, idadi moja na bei isiyo na senti. Programu inapita, tunafurahi. Kazini huja mtu mwenye jina moja tu, na fomu inamlazimisha kuwa na mawili. Huja wateja wawili wenye majina yaleyale. Huja tarehe 03/04, ambayo kwa mmoja ni 3 Aprili na kwa mwingine ni 4 Machi. Makarani wawili hufungua oda moja kwa wakati mmoja. Mtandao hukatika baada ya fedha kutolewa lakini kabla jibu halijarudi, na keshia, mbele ya foleni, hubonyeza tena. Jaribio la kubonyeza mara mbili ni dogo, huchukua dakika chache, na sijui lingine lenye faida kubwa kuliko hilo katika programu ya malipo.

Fedha zina mitego yake. Kompyuta ikitumia namba za desimali za kawaida za mfumo wa jozi, yaani zinazoandikwa kwa 0 na 1 tu, 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupata 0.30000000000000004, ndiyo maana fedha huhifadhiwa kama namba kamili za kiasi kidogo kabisa cha sarafu, au kwa aina ya data iliyotengenezwa kwa desimali kamili. Hata ukilizingatia hilo, bado kuna swali la kukadiria, yaani kupunguza tarakimu za desimali hadi mbili. Mistari mitatu ya ankara, kila mmoja ukiwa na kodi ya 0.334, hutoa 0.99 ukikadiria mstari mmoja mmoja, na 1.00 ukijumlisha kwanza. Hili si la mtengeneza programu kuamua. Mpelekee mhasibu wa mteja, upate jibu lake kwa maandishi, na uligeuze kuwa jaribio.

Halafu kaa na watumiaji wenyewe, uwape kazi halisi, na unyamaze. Kunyamaza ni kugumu kuliko kuandika msimbo. Mkono utakuwasha kuonyesha kitufe kilipo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, alitetea kwa miaka mingi majaribio madogo ya watu kama 5 yanayorudiwa mara kadhaa, badala ya jaribio moja kubwa, na uzoefu wangu unamuunga mkono: kufikia mtu wa tatu, utakuwa umeona wote wakikwama mahali palepale.

Mtumiaji akikwambia kwamba mfumo umekosea, andika neno lake kama ushahidi kabla ya kulipinga. Mfumo wa Horizon uliowekwa katika matawi ya posta nchini Uingereza kuanzia mwaka 1999 ulionyesha upungufu wa fedha ambao wasimamizi wa matawi waliukana, na zaidi ya 900 kati yao walitiwa hatiani katika kesi zilizotegemea takwimu zake. Mahakama Kuu ilithibitisha mwaka 2019 kwamba ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzua upungufu huo, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa wingi. Naomba uikumbuke habari hii kila unapounda skrini inayoonyesha jumla: mtu anayewajibika kwa namba hiyo lazima aweze kuifungua na kuona ilivyopatikana, muamala kwa muamala.

Fomu ya ghala tuliirekebisha ikawa na nafasi ya kuandika idadi iliyofika, na oda ikabaki wazi kwa kilichosalia. Nilirudi baada ya wiki sita. Mtunza ghala aliitumia bila kuniuliza chochote, lakini daftari lilikuwa bado pale, na ukurasa wake wa mwisho ulikuwa na orodha mpya: katoni zilizofika zimelowa, ambazo msambazaji alikuwa bado hajakubali kuzirudisha. Mfumo wetu ulijua kupokelewa na kutopokelewa tu. Niliomba ruhusa, nikavuta kiti, tukaanza kuupitia ukurasa ule mstari kwa mstari.