Masasi inalia kweli kweli, sasa kushituka njo ugonjwa?

Kesyo: Jambo papa docta. Niko infirmyere (muuguzi) wa daraja la A1 kwenye santre ya afya moja hapa Goma. Walitupa formasyo ya siku tatu juu ya afya ya akili, wakatuachia karatasi mbili za maswali, PCL-5 ya kupima trauma na PHQ-9 ya kupima depresheni. Wiki iliyopita nikapokea mama mmoja, anauza sambaza (samaki ndogo za ziwa), bomu ilianguka kwa jirani yake wakati wa vita ya mwezi wa kwanza 2025 na yeye njo alifika wa kwanza pale. Nikamujazia PCL-5, ikatoka 41. Usiku nikajijazia na mimi, nikapata 34! Zile kesyo mbili za kukwepa mambo yenye yanakumbusha tukio niliweka sufuri lakini zingine mmh. Kwenye formasyo walisema kuanzia 33 ni trauma. Ina maana na mimi niko mgonjwa? Na kama masasi inalia kweli usiku, ile ya usingizi tunaweka ngapi?

Jibu: Jambo dada. Kwanza mimi si docta wa dawa, ni mwanasaikolojia, lakini huku kila mwenye bluzi nyeupe ni docta, basi nimezoea. Nafurahi umejijazia na wewe, juu pale njo umegusa shida yenyewe. Ile namba haisemi ugonjwa, inasema tu huyu mtu ukae naye chini umuulize vizuri. Na hiyo 33 yenyewe (wengine wanasema 31) ilitafutwa kwa watu wa Marekani, kati yao maaskari wa zamani, watu wenye walienda vitani mbali halafu wakarudi kwao. Yule mama yako hajarudi popote, analala mita ishirini na pale bomu ilianguka.

Sasa chukua tena karatasi. Kesyo ziko 20, kila moja 0 mpaka 4, jumla 80, lakini wacha jumla kwanza, kata mistari na bike (kalamu), ugawe mafungu manne. 1 mpaka 5 ni mambo ya kurudi: ndoto, picha zinaingia bila kuitwa, kuona ni kama inatokea tena. 6 na 7 ni kukwepa. 8 mpaka 14 ni mawazo na roho, kujihukumu, kukosa furaha, kujisikia mbali na watu. 15 mpaka 20 ni mwili wenye hautulii: hasira, kushituka, akili kurukaruka, usingizi. Kila jibu la 2 kwenda juu unalihesabu kuwa dalili. Inatakiwa angalau moja kwenye fungu la kwanza, moja kwenye kukwepa, mbili kwenye la tatu, mbili kwenye la nne. Ikikosa fungu moja, hata jumla iwe 50, vigezo vya DSM-5, kitabu cha Wamarekani cha magonjwa ya akili, havijatimia. Wewe uko na sufuri mbili kwenye kukwepa, kwako imekatika pale pale. Sisemi uko muzima kabisa, 34 si ya kucheka, inaweza kuwa uchovu, inaweza kuwa depresheni, lakini jina la trauma usijibandike bado.

Tuje kwa masasi. Unapojaza, andika namba yenye mgonjwa amesema, usimubadilishie hata kama unaona anazidisha, maelezo yako unaandika pembeni. Kazi ya kupima inaanza baada ya pale. Mtu akikuambia halali, muulize: usiku wenye kulikuwa kimya, ulilala? Kama alilala, basi alikuwa anafanya chenye mtu yeyote mwenye akili anafanya, anasikiliza masasi ili ajue kama ashuke chini ya kitanda ao abaki. Lakini kama kimya imekuja na yeye bado amekaa mlangoni na viatu mguuni mpaka asubuhi, hapo unahesabu. Kushituka vilevile. Kushituka juu ya risasi ni afya, kushituka juu bati imepigwa na upepo ao mtoto ameangusha sufuria, kila siku, moyo unadunda nusu saa nzima, hiyo si ile tena. Na kukwepa, hapa njo watu wengi wanakosea. Mtu hapiti barabara fulani juu kuna baryere (kizuizi) na wanaomba pesa, hiyo si dalili, hiyo ni hesabu. Yule mama wa sambaza, muulize anapita wapi kwenda soko. Nilishaona mtu mwenye alikuwa anazunguka mtaa mzima na beseni kichwani, juu ya mawe ya volkano, dakika arobaini, ili tu asione parseli (kiwanja) moja yenye ilikuwa kwenye njia yake ya dakika kumi. Hakuna hatari yoyote tena kwenye ile parseli. Hiyo sasa ni kukwepa, ihesabu na roho safi.

Kitu kingine cha kumuuliza ni vile kumbukumbu inakuja. Kuna kitabu cha magonjwa cha OMS (Shirika la Afya Duniani), ICD-11, kilianza kutumika tarehe 1 mwezi wa kwanza 2022, chenyewe hakihesabu dalili 20, kinataka tatu tu: tukio kurudi kama linatokea sasa hivi, kukwepa, na mwili kujisikia hatari iko hapa wakati haiko. Neno la maana ni "sasa hivi". Kukumbuka na kulia si hiyo, sisi wote tunakumbuka. Lakini mtu akisikia harufu ya kitu kinaungua na kwa dakika mbili hajui tena kama yuko sokoni, anaita jina la mtu mwenye alikufa siku ile, pale unaelewa bila hata kuhesabu. Kwangu mimi swali hilo moja linanisaidia kuliko ile jumla ya 41.

Mengine haraka haraka. Tukio lenyewe: alifika pale akaona na macho yake, inaingia kwenye vigezo. Kuona video za maiti kwenye WhatsApp haiingii, isipokuwa ni kazi yako kuziangalia. Wewe muganga mwenye umepokea majeruhi siku zile, unaingia, usijidharau. Muda: lazima dalili zipite mwezi mmoja. Halafu, je, maisha yamekwama? Anauza bado, anapikia watoto, ao ameacha? Na uondoe mambo mengine: pombe, na usisahau kichwa, mtu mwenye bomu ilimurusha anaweza kuwa na maumivu ya kichwa na kusahausahau juu ya ubongo uligongwa, si juu ya trauma. Huyo anaenda kwa docta wa kweli.

Kwa PHQ-9 mtego ni ule ule. Namba 5 inauliza hamu ya chakula. Mtu anakula mara moja kwa siku juu franka hakuna, usiihesabu kuwa dalili mbio mbio. Muulize: ningekuletea sasa hivi bugali na sambaza, ungekula? Akicheka akasema lete, umepata jibu. Lakini namba 9, ile ya kutamani kufa, haina mtego wala maelezo ya pembeni, ikitoka hata 1 unaacha kila kitu unamuuliza wazi wazi kama anawaza kujiua na kama ameshapanga vile atafanya, na haendi nyumbani peke yake siku ile. Kwa kumupeleka, Goma kuna Tulizo Letu, wenye wako Bukavu wanajua Sosame, zote ni hospitali za magonjwa ya akili.

Na tafadhali, diazepam, ile dawa ya kutuliza, usimupe ati alale. Najua farmasi ya kona inatoa kama bombo (pipi), lakini haiponyeshi trauma, na baada ya wiki chache mtu hawezi tena kulala bila hiyo.

Yule mama umurudishe, saa moja nzima, bila karatasi mwanzoni. Na wewe dada, ile 34 uliijaza usiku na tochi ya telefone baada ya gardi (zamu ya kazi), si ndiyo? Ngoja wiki mbili, halafu mwenzako njo akuulize, si wewe mwenyewe, na uniandikie vile imetoka.