Maswali yenu ya Ekadashi: mlo, sadaka na kujizuia

Ekadashi ni siku ya mfungo ya Wahindu, ya kumi na moja katika kila nusu ya mwezi mwandamo.

*Wali kidogo tu unaruhusiwa siku ya Ekadashi?*
Hapana. Nafaka na kunde haziliwi: mchele, ngano, mahindi, dengu, choroko. Swali hili linarudi kila nusu ya mwezi, na jibu ni lilelile.

*Sabudana yangu, zile punje nyeupe za wanga, hugeuka gundi. Nakosea wapi?*
Kwenye maji. Osha kikombe kimoja mpaka maji yatoke masafi. Ule unga wa juu ndio gundi yenyewe. Tia maji yafunike punje tu, acha saa 4 hadi 6, kisha chuja. Bonyeza punje kwa vidole: ikiwa na kiini kigumu, bado. Changanya na nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa na kupondwa, zinyonye unyevu. Kaanga bizari nyembamba kwa vijiko 2 vya samli, tia viazi vilivyochemshwa, kisha sabudana na chumvi ya mawe. Geuza taratibu, moto mdogo. Punje ziking'aa, epua. Mvuje acha, maana wa dukani mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano. Sabudana ikikosekana, chemsha mihogo. Sabudana ya India yenyewe hutokana na wanga wa mihogo, na mihogo hiyo Wagujarati wa huku kwetu huiita *mogo*.

Ila sahani moja yatosha. Sabudana, chipsi za mihogo, halafu halwa ya viazi: huo si mfungo, ni karamu isiyo na wali. *Upavasa*, neno la Kisanskriti la mfungo, maana yake ni kukaa karibu na Mungu, na tumbo lililoshiba mafuta hulala tu.

*Nionje chumvi kabla ya kumtolea Mungu wetu Krishna chakula?*
Usionje. Pima kwa kijiko. Kilichoonjwa hakitolewi.

*Sina uwezo wa vyakula vingi. Nitoe nini?*
Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 9, aya ya 26, yataja jani, ua, tunda au maji, yakitolewa kwa upendo. Ndizi moja iliyooshwa na jani la tulsi (mrehani mtakatifu) juu yake, basi. Tulsi ichume siku ya kabla. Siku ya Ekadashi haichumwi. Wanaokopa ili wajaze sinia mbele ya majirani wanawatolea majirani.

*Mama ana kisukari, anataka kufunga Nirjala.*
Hiyo ni Ekadashi ya mwezi wa Jyeshtha (Mei hadi Juni), isiyo na hata maji. Asifunge hivyo bila idhini ya daktari, na dawa asiache. Aache nafaka, ale matunda kwa kiasi alichopangiwa, anywe maji. Mgonjwa halazimishwi, na anayemlazimisha anakosea.

*Nifungue lini?*
Asubuhi ya Dwadashi, yaani siku ya kumi na mbili, ndani ya muda wa *parana* (kufungua) ulioandikwa kwenye kalenda ya hekalu lenu, si ya mji mwingine: muda hufuata macheo ya mahali ulipo. Anza na nafaka kidogo.